Mamluki wa Mazoezini

Jumanne ile walikuja wanne. Nilikuwa nimeshapanga koni zangu zote, ambazo kwa kweli ni vichupa vya maji nilivyovikata nusu nikavijaza mchanga. Bipsi, vile vizibao vya kutofautisha timu, nimeziweka mafungu mawili, nyekundu kumi na moja, kijani kumi na moja, kama mtu aliyeandaa sahani za shughuli halafu akasahau kutoa mwaliko. Saa kumi jioni. Jua la Januari limekaa juu ya paa za Kariakoo na halina mpango wa kuondoka. Nikaangalia geti, nikaangalia simu, nikaangalia tena geti.

Kipa alikuja, maana huyo hata ukimwambia hakuna mazoezi anakuja kuhakikisha. Mama yake anauza ndizi nje ya geti, kwa hiyo kuchelewa kwake kungekuwa miujiza. Anavaa glavu za kuendeshea pikipiki. Wakaja mabeki wawili, ndugu, baba mmoja mama mbalimbali, hawasemeshani ila wakiwa uwanjani. Na wa nne ni dogo mmoja ambaye mpaka leo sijajua anacheza namba ngapi. Nikimweka mbele anarudi nyuma, nikimweka nyuma anakwenda kunywa maji.

"Kocha, leo tunacheza wanne kwa wanne?" akaniuliza kipa.

Nikamwambia ndiyo, akinipatia wanne wengine.

Timu yangu ni ya vijana chini ya miaka kumi na tano, na kwenye daftari wapo ishirini na mbili. Daftari halijawahi kukosa mazoezi hata siku moja. Shida ni Januari. Sehemu nyingine za nchi hii Januari ni mwezi wa watu kukaa kimya wakijuta walivyokula sikukuu. Kariakoo Januari ni mwezi wa shule kufunguliwa: madaftari, mabegi, sare, viatu vyeusi, soksi nyeupe. Wazazi wanashuka kutoka kila pembe ya jiji, na kila familia yenye meza inahitaji mikono. Wachezaji wangu wako likizo, wana miguu, wana midomo, basi wanawekwa mezani. Hata mawinga wangu wawili walikuwa wamegeuka mawinga wa Kariakoo, wale wanaodaka wateja barabarani na kuwapeleka dukani. Mmoja nilimkuta amemshika mkono mama wa watu anamvuta kwenye mabegi kwa kasi ambayo uwanjani sijawahi kuiona.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nina meza. Nauza sidiria, pale kona, hatua chache kutoka uwanjani. Cheka tu, nimeshazoea. Timu pinzani zikija kucheza na sisi, mashabiki wao wananiuliza kama leo tutakaba kwa kamba au kwa vifungo. Biashara niliikuta kwa dada yangu, alipoolewa akaniachia meza na wateja, na wateja wa sidiria wana uaminifu kuliko wachezaji wa mpira. Shule nilifika kidato cha pili, mtihani ukaniangalia, nikauangalia, tukaagana. Na kozi ya ukocha nilihudhuria siku mbili kati ya tano, kwa sababu siku ya tatu kulikuwa na mzigo mpya. Siku ya kwanza walifundisha kupasha misuli, siku ya pili kukaba. Kushambulia sikuwepo. Anayetaka kujua kwa nini timu yangu haifungwi sana na wala haifungi, jibu ndilo hilo.

Basi nikapiga filimbi, tukapasha. Watu wanne wakipasha, uwanja unaonekana mkubwa kama uwanja wa ndege. Tukapiga pasi za pembe nne. Nikaingia mwenyewe kuwa mshambuliaji ili mabeki wakabe, wakanikaba vizuri kuliko nilivyotaka. Mpira ukaruka ukuta ukaenda barabarani, tukasimama kimya tunasubiri mwuza miwa aurushe. Mimi siwezi kusimama hata siku wakiwepo ishirini. Makocha wa kwenye televisheni wanakunja mikono, mimi natembea kwenye mstari huku na huku kama mtu aliyedondosha funguo. Siku ile nilitembea zaidi, kwa sababu nilijua kuna mtu dirishani.

Uwanja ni wa shule ya msingi. Ofisi ya mwalimu mkuu iko ghorofani na dirisha lake linatazama goli la kusini, lile lenye mwamba. Lile la kaskazini lina milingoti miwili tu, mwamba uliliwa na mchwa, kwa hiyo huko tunabishana kila mpira wa juu. Huyu mama alitupa uwanja miaka miwili iliyopita, kwa mdomo tu, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, Jumanne na Alhamisi. Hakuandika popote.

Tulipomaliza akanipungia mkono nipande juu. Nikapanda na koni zangu kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo wangapi?"

Nikamwambia wengine wako njiani. Akaniambia saa kumi na mbili kasoro, njia gani hiyo.

Halafu akanieleza. Kuna mfanyabiashara mwenye maduka mtaa wa pili ameomba uwanja. Anataka jioni aegeshe magari ya wateja. Kwa Kariakoo hiyo si akili ndogo, mtu akipata pa kuweka gari hapa anashukuru kama amepata mtoto. Na badala ya uwanja, huyo bwana atajenga vyoo vya shule upya. Vyoo vyenyewe nilivijua. Milango miwili, mmoja unafungwa kwa kushikiliwa na rafiki.

"Kamati ya shule inakaa Ijumaa," akasema Mwalimu. "Alhamisi jioni mwenyekiti atapita kuangalia kwa macho yake. Nikiwa na timu, nina la kusema. Nikiwa na watu wanne, nawaambia nini? Kwamba watoto wanne wanafaidi na mia kadhaa wajisaidie wapi?"

Ni mara chache nakosa jibu, na mara zote ninapokosa huwa kuna choo ndani yake.

Jumatano nikafunga meza mapema nikaenda kuwasaka. Nilianza na mshambuliaji wangu, maana huyo akija, wengine wanamfuata. Mama yake ana meza ya soksi kwenye ule mstari wa sare za shule, na siku ile ilikuwa imezingirwa. Dogo alikuwa juu ya kiti, amevaa soksi nyeupe mkononi kama mdoli, anaifanya soksi iongee: "Mama, mimi sichuji! Mama, nichukue mimi, yule mwenzangu ana tundu!" Watu wanacheka, wananunua. Nikasimama pembeni kama mkwe aliyekuja bila taarifa.

Nikamwomba mama yake anipe mtoto kesho, saa moja tu. Nikamweleza habari ya magari na mwenyekiti. Alinisikiliza huku anafunga soksi kwa mpira, hakukosa hata moja.

"Kocha," akasema, "wewe mwenyewe Januari unauza hujanyanyua kichwa. Mimi nakula mwaka mzima kwa hizi siku kumi. Mpira Februari utakuwepo."

"Februari uwanja hautakuwepo, dada."

"Basi njoo wewe usimame hapa, mtoto aende mazoezini."

Alikuwa anamaanisha. Nikaanza kupiga hesabu: nisimame kwenye soksi, yeye aende uwanjani, halafu nani afundishe? Nikamwambia nitamjibu. Kwenye meza nyingine kumi na moja nilipewa jibu moja, "Nakuja, kocha," na mimi ni mtoto wa mjini, najua "nakuja" ya Kariakoo ikoje. Nami huwa nawaambia wateja mzigo unakuja.

Ndiyo nikarudi kwenye meza yangu, nikakaa juu ya boksi, nikampigia simu kocha wa Ilala.

Huyu tunajuana kwa kugombana. Tumecheza naye ndondo mara nyingi, yale mashindano yetu ya mitaani, na kila mara mmoja wetu anamtuhumu mwenzake kwa mamluki, yaani wachezaji wa kuazima, mtu wa mtaa mwingine anavalishwa jezi yako dakika tisini halafu anarudi kwao. Kila mtu anafanya, kila mtu anakataa. Lakini mamluki ni wa mechi. Mechi ina kombe, ina mbuzi, ina mashabiki. Nadhani tangu mpira uvumbuliwe ni mimi peke yangu niliyeazima mamluki wa mazoezini.

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, "Nishikie uwanja, kaka. Siku moja tu."

Neno hilo nililichagua, na kosa langu liko hapo. Sisi watu wa meza tuna utaratibu. Ukitaka kwenda kuswali, ukitaka kwenda chooni, unamwambia jirani "nishikie", na yeye anauza vitu vyako kama vyake, anakupa chako ukirudi. Hachukui mteja wako, hasemi meza ni yake. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Nimeshikiwa meza wiki nzima nilipougua malaria, nikakuta hata sidiria zimepangwa vizuri kuliko ninavyopanga. Kichwani mwangu dunia nzima inaendeshwa hivyo. Sikukumbuka kwamba kocha wa Ilala hajawahi kuuza hata njiti ya kiberiti.

Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi. Akasema poa. Alikubali haraka mno, na mimi badala ya kujiuliza nikafurahi.

Alhamisi saa kumi kasorobo walikuja kwa mstari. Kumi na watano, jezi za bluu, soksi zimepanda, kila mmoja na chupa yake ya maji. Kocha wao mbele, trakisuti, filimbi shingoni, saa kubwa mkononi. Wangu wanne walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, kipa na glavu zake za pikipiki, yule wa kila namba amevaa fulana imeandikwa jina la sabuni. Wakatazama hao watu wanaingia. Beki mmoja akamwambia ndugu yake, na kumbuka hawa nje ya mchezo hawasemeshani: "Oya, tumeuzwa."

Nikawaambia ni wageni, wametusaidia. Kipa akaniuliza kama wageni wanakuja na kipa wao. Walikuwa nao wawili.

Mazoezi yalianza na nataka kusema ukweli, yalikuwa matamu. Jamaa anajua. Aliwagawa, akachanganya wangu na wake, akafundisha kushambulia kwa pembeni, mpira unatoka, unaingia, mtu anakimbia mahali ambapo hakuna mtu halafu mpira unamkuta huko. Nilisimama nimeshika koni nikasahau kutembea. Nikasema moyoni, kumbe siku ya tatu walifundisha hivi. Yule dogo wa kila namba akapigiwa pasi, akafunga. Alisimama akatazama mikono yake kama goli kalifunga nayo.

Hapo wakaingia. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye duka la misumari na mabati, kanzu na koti juu, anatembea taratibu kama anayepima kiwanja. Nyuma yake mwenye magari, yule mfanyabiashara wa vyoo, anachezea funguo kidoleni. Mwalimu akateremka kuwapokea. Wakasimama kwenye mstari wa kona wakatazama, dakika tano labda, kwangu zilikuwa nusu saa. Nikaanza kuokota koni ambazo hazikuhitaji kuokotwa.

Mwenyekiti akapiga makofi mawili, akaenda moja kwa moja kwa mwenye trakisuti akampa mkono. "Kocha, hongera. Sikujua hapa kuna kazi kubwa namna hii."

Kocha wa Ilala alinigeukia. Nitamtetea hapo siku zote: alinigeukia akanisubiri, mkono wake ukiwa bado mkononi mwa mzee. Nilikuwa na nafasi ya kusema mzee, kocha ni mimi. Halafu mzee aulize, na huyu je? Halafu huyu na vijana kumi na watano wa bluu wametoka wapi? Uongo wangu ulikuwa umesimama pale umevaa trakisuti, na ukiuvua, nyuma yake wako watu wanne.

Mwenye magari akanionyesha kwa zile funguo. "Na huyu? Si ndiye anauza sidiria pale kona?"

Vijana wa bluu wakaanza kucheka. Kwa kawaida hapo ndipo mimi napotamba, mtu akinitania namrudishia mbili. Siku ile nilizibana koni kifuani.

"Mimi nashika koni, mzee," nikasema. "Kocha ni huyo."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, hakuona ajabu. Akamwuliza kocha mpya kama vijana wote ni wa hapa hapa. Jamaa akakohoa. Nikawahi kumjibia, nikamwambia ndiyo mzee, hata yule kipa, mama yake ndiye huyo anauza ndizi getini. Ulikuwa ukweli kabisa. Ukweli wa mtoto mmoja, nikawatandikia wote kumi na tisa kama shuka.

Mwalimu alikuwa ananitazama kwa juu ya miwani. Miaka miwili ananiona dirishani nikikimbia huku na huku na wale wale. Neno moja tu lilikuwa linamtosha. Badala yake akawaambia wageni waende wakatazame na vyoo.

Sikulala vizuri, na Ijumaa sikuuza vizuri. Mteja aliomba nyeusi nikampa nyeupe, akaomba nyeupe nikamwuliza kama anaunga mkono magari au mpira. Saa tisa Mwalimu akanitumia mwanafunzi kuniita. Nikapanda ngazi mbili mbili.

Mezani kulikuwa na bahasha. Kamati imekubali. Safari hii kwa maandishi, ina mhuri, uwanja kwa timu ya vijana Jumanne na Alhamisi jioni, chini ya usimamizi wa kocha fulani. Na hilo fulani lilikuwa jina la kocha wa Ilala, majina matatu, mwenyekiti alikuwa ameyauliza jana yake akayaandika kwenye risiti ya misumari.

Mwalimu akanisogezea bahasha. "Mpelekee kocha wako," akasema.

Nikasema asante. Nikawa natafuta kitu kingine cha kusema. Nikamwambia Mwalimu, suala la vyoo...

"Vyoo vyangu vimekwenda," akanikatiza. "Huyo bwana amejenga hasira, hajengi kitu kingine. Sasa nisije nikachungulia hapo dirishani nikaona watu wanne."

Barua sikuipeleka. Niliiweka kwenye boksi chini ya saizi kubwa, ambazo haziendi haraka, na kila nikiinama kutoa mzigo nilikuwa naigusa. Jumamosi kocha wa Ilala alipiga simu, sikupokea. Jumapili akapiga mara mbili. Nilikuwa nampangia maneno njiani, nyumbani, bafuni. Nikimwambia hivi atasema vile. Mke wangu akaniuliza naongea na nani, nikamwambia na mshika meza.

Jumatatu shule zikafunguliwa. Kariakoo ikapumua, meza za soksi zikarudi kuwa meza za vitambaa. Na Jumanne saa kumi wakaja wangu. Mshambuliaji mbele, sauti imekauka kwa kuita wateja, mawinga wote wawili, viungo, mpaka wale ambao niliwaandika daftarini nikasahau sura zao. Wakafika kumi na tisa. Wiki ile ile niliyowahitaji kama dawa walikuwa hawapo, sasa wananiuliza kocha mbona umekonda.

Nimewapanga tu, geti likafunguka, bluu hao.

Vijana wakatazamana. Mtu na soksi zake zimepanda, mtu na fulana ya sabuni. Mshambuliaji wangu akauliza hawa ni nani, na kipa, ambaye alikuwa amekaa na hilo jambo tumboni tangu Alhamisi, akasema kwa sauti: "Wenye uwanja."

Mimi na kocha wa Ilala tukaenda kusimama kwenye kona. Sikumpa hata salamu.

"Nilikwambia unishikie," nikamwambia.

"Na nimeshika. Nani aliyesema kocha ni huyo? Mimi?"

Akaniuliza barua iko wapi, nikamwambia ipo. Akaanza kuchora mchanga kwa kiatu. Ndipo aliponieleza kwa nini alikubali haraka vile. Uwanja wao umemwagwa kokoto tangu Desemba, kuna mtu anajenga. Wiki nne vijana wake wanafanya mazoezi kwenye uchochoro nyuma ya gereji, mmoja alichanika goti kwa bati. Alhamisi walipotoka hapa walimwuliza njiani kama watarudi, na yeye akawaambia watarudi.

"Kwa hiyo unachukua," nikasema.

"Hebu niambie wewe mtu wa meza," akasema. "Mtu akikushikia, ukirudi unamwambia asante tu, aende?"

Hapo alinikamata. Si asante tu. Aliyekushikia unampa maji baridi, unampa chochote, na siku akikwama unamshikia na wewe, hata kama una haraka. Nilikuwa nimeukumbuka utaratibu nusu, ile nusu inayonifaa. Nikauliza sasa mtu aliyekushikia uwanja anapewa nini, maana maji baridi anayo.

Akanyoosha mkono. "Nipe kule, kwenye goli lisilo na mwamba."

Aliomba upande mbaya. Angeomba ule mzuri ningegombana naye mpaka magharibi, nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia barua nitamletea kesho. Akasema nikae nayo, yeye nyumbani kwake kuna mtoto anakula karatasi, na mwenye meza ndiye anayekaa na funguo.

Tukamwaga koni katikati ya uwanja, mstari mmoja. Bluu huko, sisi huku. Ikadumu robo saa. Mpira wao ukaja kwetu, mshambuliaji wangu akaupiga kurudisha, ukaingia kati ya milingoti yao, akashangilia. Wakabisha kwamba ulikuwa juu. Kule hakuna mwamba, kwa hiyo hakuna mwenye hakika. Baada ya hapo koni tukaziondoa, wakacheza wao kwa wao, thelathini na nne, tunawabadilisha kwa zamu. Filimbi mbili, na hawasikii hata moja, mpaka tukakubaliana tubaki na yangu tu.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini mwenyekiti amependa mpira. Tangu ile siku amejenga mazoea ya kupita, hasemi lini, dakika kumi, ishirini, anasimama kwenye mstari wa kona na kanzu yake. Na kwake yeye kocha ni mmoja na mshika koni ni mmoja, na barua ina mhuri. Kwa hiyo tumebaki na kazi ya ziada. Kipa ndiye anayeona geti vizuri. Akimwona mzee anapiga kelele "Mvua!", Januari, Februari, jua kali, "Mvua!", na mimi navua filimbi, natupa, jamaa anadaka, na mimi nainama kuokota koni. Mzee akiondoka nasimama. Kuna siku nimeinama na kusimama mara tatu. Mshambuliaji wangu aliniuliza, "Kocha, kwani siku hizi wewe ni nani?" Nikamwambia akimbie mizunguko miwili.

Zamani nilikuwa natembea kwenye mstari nikitazama mpira. Sasa natembea nikitazama geti kwa jicho moja, na dirisha la ghorofani kwa jingine, maana nikipita karibu na vile vyoo bado naona mtoto ameshika mlango wa mwenzake. Mwalimu hajawahi kuniuliza kitu. Ila kila tukikutana kwenye ngazi nikimwamkia, ananiitikia marahaba, halafu anauliza, "Koni hazijambo?"

Alhamisi iliyopita walikuja ishirini na tisa. Kipa akapiga mvua yake, filimbi ikaruka, nikainama. Safari hii mwenyekiti alikuja na kiti cha plastiki, mtu anambebea. Akakaa. Akatazama mchezo wote mpaka saa kumi na mbili, na mimi mgongo umeshakuwa upinde, koni nimeshaziokota na kuzipanga upya mara nne. Mwishoni akaniita kwa kidole.

"Wewe wa koni. Hebu sogea."

Nikasogea.

"Mwambie kocha wako, hawa vijana wanakaba vizuri sana. Sasa wafundishwe kushambulia."

Nikamwambia nitamfikishia, mzee. Nikamsindikiza mpaka getini nimebeba kiti chake.